Nafasi ya Shule Haivuki Maji: Jinsi Viti vya Darasa Vinavyohesabiwa Lamu

Ukijumlisha madawati yote ya Kaunti ya Lamu ukayagawa kwa watoto wote, unaweza kupata jibu la kufurahisha: viti vinatosha, na vingine vinabaki. Kisha uvuke kwenda bara, uingie shule ya kijiji kinachokua haraka, ukute watoto wanne wamebanana kwenye dawati la wawili. Aliyepiga hesabu ile ya kwanza hakukosea kujumlisha. Amejumlisha vitu visivyojumlishika. Kiti kitupu kisiwani Kiwayu hakimfai mtoto wa kijiji cha Hindi, bara, kwani baina yao kuna bahari, msitu, na safari ambayo mtoto wa miaka sita hawezi kwenda asubuhi akarudi adhuhuri.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima. Kati yao 121,662 walikuwa Lamu Magharibi, yaani kisiwa cha Amu (Lamu yenyewe) na vijiji vya bara kama Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu. Lamu Mashariki, inayoanzia Pate na Faza hadi Kiunga na Ishakani mpakani mwa Somalia, ilikuwa na 22,258 tu, wametawanyika visiwani na pwani ndefu. Wastani wa kaunti unachanganya ulimwengu wa aina mbili. Mpangaji anayejua kazi yake huanza na swali jingine: mtoto huyu anaweza kufika wapi kwa miguu kabla ya kengele, hata mwezi wa Julai kusi linapovuma? Eneo linalolijibu swali hilo ndilo eneo la kupangia. Pengine ni kijiji kimoja, pengine ni vijiji vitatu vya kisiwa cha Pate vilivyounganishwa na njia ya mguu. Haliwi kaunti, na mara nyingi haliwi hata wadi.

Deni moja, mifuko minne

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaunda bodi ya elimu kwa kila kaunti. Ila Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limeikata kazi vipande. Chekechea, PP1 na PP2, ni ya serikali ya kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kuanzia Gredi 1 hadi mwisho wa sekondari ni ya serikali ya kitaifa. Walimu wa shule hizo huajiriwa na kupangiwa vituo na TSC, Tume ya Huduma za Walimu, ambayo ni tume huru: gavana hana amri juu yake. Na vyumba, mara nyingi, hujengwa kwa fedha za NG-CDF, hazina ya eneo bunge, ambayo kamati yake ina orodha yake na hesabu zake.

Huko Uingereza sheria ya elimu ya 1996 imeliweka deni hili kwa halmashauri ya mtaa. Ndiyo inayodaiwa nafasi za kutosha. Huligawa eneo lake katika kanda ndogo za kupangia, na kila mwaka hupeleka wizarani makadirio ya wanafunzi wa kila kanda. Mzazi akikosa nafasi anajua mlango wa kugonga. Huku kwetu kuna milango minne, na kila mlango una sababu nzuri ya kukuelekeza kwa mwingine.

Mgawanyo huu unaonekana vizuri zaidi uani mwa shule. Chekechea ya kaunti kwa kawaida imejengwa ndani ya ua wa shule ya msingi ya serikali kuu, hatua ishirini tu baina ya mlango na mlango. Mtoto wa PP2 anapohamia Gredi 1 anavuka hatua hizo ishirini, lakini kwa makaratasi ametoka serikali moja kuingia nyingine. Rejista ya chekechea hubaki kwa afisa wa elimu wa kaunti, na mwalimu mkuu wa msingi huanza kuandika majina upya Januari. Ile takwimu bora kuliko zote, idadi ya watoto wa PP2 wa mwaka huu, iko chini ya mwembe uleule, na bado ofisi inayopanga madarasa ya Gredi 1 haiioni hadi watoto wamefika wakiwa na mikoba.

Chumba hakitoshi kuitwa nafasi

Watu husema "tumejengewa madarasa mawili, tumepata nafasi 90". Hesabu hiyo ina haraka. Mwongozo wa Wizara wa usalama shuleni, wa 2008, unataja chumba cha mita 7.5 kwa 5.85 na kukiwekea watoto 40 wasiozidi, wakikaa wawiliwawili. Upande wa walimu, hesabu inayotumika kwa mkondo mmoja, yaani strimu moja ya darasa, ni 45. Kwa hiyo vipimo viwili vya serikali moja havilingani, na kila ofisi hukamata kile kinachoipendeza. Chumba hicho kina takriban mita za mraba 44. Watoto 40 wanapata zaidi kidogo ya mita moja kila mmoja. Wakiwa 45 wanashuka chini ya mita moja kidogo. Wakiwa 70, na 70 si idadi ya ajabu, kila mtoto ana mita 0.63: ni padogo kuliko msala wa kuswalia. Hapo mwalimu hapiti katikati ya madawati, daftari za nyuma hazisahihishwi, na mlango, ambao mwongozo unataka ufunguke kwa nje, umezibwa na dawati la mwisho.

Ongeza vyoo. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Shule ya watoto 360, nusu kwa nusu, inataka matundu 8 ya wasichana na 6 ya wavulana. Shimo liwe angalau mita 15 kutoka kisimani. Kwa shule ya bara yenye ekari kadhaa hilo halina taabu. Kisiwani, ambako visima ni vifupi, maji matamu yamekaa kama utando juu ya maji ya chumvi, na ua wenyewe ni mdogo, mita 15 zinaweza kumaanisha kwamba hakuna pahali pa kuchimba shimo la pili kabisa. Shule ya namna hiyo ikiongezewa darasa bila choo, haikuongezewa nafasi. Wasichana wakubwa ndio watakaokuwa wa kwanza kukosa masomo.

Ongeza mwalimu. Vyumba vitatu na walimu wawili ni nafasi za vyumba viwili. Lamu imo katika maeneo ya mazingira magumu, na walimu waliopangiwa huku hulipwa posho kwa sababu hiyo, lakini posho haimzuii mtu kuomba uhamisho. Nafasi ya mwalimu aliyehama Aprili inaweza kukaa wazi muhula mzima wa pili.

Kisha kuna usajili, unaosahaulika zaidi ya vyote. Shule mpya lazima iwe na hati ya ardhi au barua ya kupewa kiwanja, ripoti ya afisa wa afya ya umma, ukaguzi wa maafisa wa ubora, kumbukumbu za kikao, na idhini ya bodi ya elimu ya kaunti. Ikisajiliwa ndipo hupata namba kwenye mfumo wa Wizara, na bila namba hiyo hakuna mgao wa fedha wala mwalimu wa TSC. Jengo lililopakwa rangi likakosa hati ya kiwanja hubaki tawi lisilo rasmi la shule jirani kwa miaka, likifundishwa na walimu wanaolipwa na wazazi. Kosa hapa ni la mpangilio: watu hutafuta fedha kwanza na hati baadaye, ilhali hati ndiyo inayochukua muda mrefu.

Kuhesabu watoto ambao hawajafika

Mtoto huingia PP1 akiwa na miaka 4 na Gredi 1 akiwa na 6. Maana yake ni kwamba kila atakayeomba nafasi ya Gredi 1 miaka mitano ijayo amekwisha zaliwa. Hakuna ramli hapa. Kazi ni kumpata aliko.

Vyeti vya kuzaliwa ndivyo wengi hukimbilia, na ndivyo vinavyopotosha. Cheti huandikwa mahali mtoto alipozaliwa. Mama wa Matondoni au Kipungani akijifungulia Hospitali ya King Fahd mjini Amu, mtoto anahesabika mjini. Tena wazazi wengi hawakitafuti cheti mpaka shule ikidai, maana mfumo wa Wizara unataka namba yake ili kumwandikisha mwanafunzi. Kwa hiyo idadi ya vyeti hupanda Januari na Februari kana kwamba watoto huzaliwa wakiwa na miaka sita.

Daftari la chanjo la zahanati ni bora zaidi. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mama humpeleka zahanati iliyo karibu na anapoishi, si alipojifungulia. Hesabu majina ya surua ya miezi tisa, zahanati kwa zahanati, mwaka kwa mwaka, na utakuwa na picha ya wanafunzi kwa kila eneo la kupangia miaka mitano kabla. Daftari hilo liko kwa idara ya afya ya kaunti. Kuliomba hakuna gharama. Kinachotakiwa ni barua tu.

Kwa muda mfupi zaidi, mwaka mmoja au miwili mbele, hutumika uwiano wa kuvuka: kati ya watoto waliokuwa darasa hili mwaka jana, wangapi wameonekana darasa linalofuata mwaka huu? Tuchukue shule ya mfano upande wa bara. Mwaka wa kwanza PP2 ilikuwa na watoto 84, Januari iliyofuata Gredi 1 ikawa na 96. Mwaka wa pili 90 wakawa 101. Mwaka wa tatu 98 wakawa 113. Gawa kila jozi: 1.14, 1.12, 1.15. Wastani ni 1.14. Ikiwa PP2 ya sasa ina 107, basi Januari ijayo tarajia 107 mara 1.14, yaani watoto 122.

Uwiano umezidi moja kwa sababu wako wanaoingia Gredi 1 bila kupita PP2: waliokuwa chuoni wakisoma Kurani, waliohamia na wazazi, na waliokaa nyumbani. Hilo si kosa la hesabu, ni habari. Uwiano ukianza kupungua mwaka hadi mwaka, chekechea inawapata watoto mapema. Ukipanda ghafla, kuna watu wanahamia.

Sasa 122 gawanya kwa 45: 2.7. Mikondo miwili itakuwa na watoto 61 kila mmoja. Mitatu itakuwa na 40 au 41. Shule inataka mkondo wa tatu. (Mkondo, neno ambalo Mwamu alilijua kwa maji kabla ya walimu kulitumia kwa strimu ya darasa, na kweli tabia yake ni ileile: ukishaanza kutiririka hauusimamishi.) Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Hujenga chumba kimoja, hukata utepe, huenda zao. Lakini watoto wa mkondo wa tatu wa Gredi 1 watakuwa Gredi 2 mwaka unaofuata, na nyuma yao kuna Gredi 1 nyingine. Mkondo mpya ni chumba kimoja kila Januari, miaka tisa mfululizo hadi Gredi 9, na mwalimu kwa kila chumba. Kabla ya kuufungua lazima uangalie PP1 na daftari la surua. Kama walio nyuma ni wachache, watoto 85 hivi, basi hili ni wimbi moja tu linalopita, na litapitishwa kwa chumba kimoja cha ziada kinachohama nalo gredi kwa gredi. Kama walio nyuma ni 125 na 130, hiyo ni shule ya mikondo mitatu, na mazungumzo yawe ya vyumba tisa tangu siku ya kwanza.

Uwiano una mitego yake. Mwaka usio wa kawaida uuondoe kwenye wastani: 2014, watu walipohama vijiji vya Mpeketoni baada ya mashambulizi ya Juni, au 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona. Mtego mwingine ni rejista yenyewe. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na mwanafunzi wa sekondari msingi (Gredi 7 hadi 9) 15,042. Mtoto akihama kimyakimya, jina lake lina faida likibaki. Majina ishirini yaliyosahauliwa Gredi 4 ni shilingi 28,400, na kwa shule maskini hiyo si fedha ya kudharau. Mtoto huyohuyo pia ameandikwa shule mpya, kwa hiyo kaunti imemhesabu mara mbili. Mpangaji mzoefu hapokei idadi kwa simu. Huenda darasani akahesabu vichwa, tena mara mbili: Februari, na tena Juni au Julai.

Kwa nini Julai? Kwa sababu muhula wa pili wote huangukia ndani ya kusi. Bahari inachafuka, mashua za kuvusha watoto hazitoki kila asubuhi, na wavuvi waliopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, mbali hupanga maisha yao kwa upepo, si kwa kalenda ya Wizara. Shule iliyojaa kaskazi ikabaki nusu kusi haina nafasi za ziada. Ina tatizo la njia. Afisa akiiona nusu tupu akahamisha mwalimu, ameitibu homa kwa kukata mguu.

Na bandari? Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na tangu hapo kila makadirio huandika "ongezeko kutokana na bandari". Kazi za ujenzi huleta wanaume wasio na familia, wanaolala kambini. Wanafunzi huja baadaye, watu wanaponunua viwanja, wakajenga, wakaita wake na watoto. Anayetaka kujua shule ipi itajaa afuate mauzo ya viwanja na idadi ya PP1, aachane na idadi ya vibarua.

Chumba cha tisa

Msongamano wa miaka hii una sababu moja ambayo ingeweza kukokotolewa kwa vidole. Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, shule ya msingi ya mkondo mmoja ilikuwa na vyumba vinane, darasa la kwanza hadi la nane. Katika mtaala mpya shule hiyo ina Gredi 1 hadi 6 na sekondari msingi, Gredi 7 hadi 9, palepale. Ni madarasa tisa. Mwaka 2023 Gredi 7 ilianza huku darasa la nane la mwisho likimaliza: jumla nane, hakuna aliyehisi kitu. Mwaka 2024 Gredi 1 hadi 8: bado nane. Januari 2025 Gredi 9 ikaingia, na kila shule ya mkondo mmoja ikapungukiwa chumba kimoja, ya mikondo mitatu vyumba vitatu, bila kuongezeka mtoto hata mmoja kijijini. Weka juu yake maabara ambayo shule ya msingi haikuwahi kuwa nayo.

Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejenga. Mpango wa madarasa 10,000, chini ya waziri George Magoha, ulilenga shule za sekondari, kwani ndiko Gredi 7 ilikotarajiwa kwenda. Mwisho wa 2022, kufuatia mapendekezo ya jopo la Profesa Raphael Munavu, ikaamuliwa sekondari msingi ikae kwenye shule za msingi. Vyumba vilikuwa upande mmoja wa barabara, watoto upande wa pili. Ikabidi kuahidi madarasa mengine 16,000 kwa ajili ya Gredi 9. Mahali ambapo shule ya msingi na sekondari zinapakana, kuazimana vyumba kulikuwa jambo la wakuu wawili kukubaliana. Visiwani, ambako sekondari moja hupokea watoto wa vijiji kadhaa, chumba kilichojengwa kijiji cha pili ni kiti cha Kiwayu kwa mtoto wa Hindi.

Na bei ya chumba haijui bahari. Fedha hutengwa kwa kiwango kimoja karibu nchi nzima. Lakini saruji ya shule ya kisiwani hushushwa Mokowe, ikapakiwa mashuani, ikashushwa gatini maji yakijaa, ikapandishwa punda hadi uwanjani, na kila mkono ulioigusa una malipo. Mifuko iliyolowa njiani ni hasara ya mkandarasi, naye huifidia kwenye msingi au kwenye ringibimu, ile boriti ya zege ya juu ya kuta. Ndiyo maana ukaguzi wa afisa wa ujenzi ufanywe kabla ya zege kumwagwa, si baada ya lipu.

Septemba mosi

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, mwaka wa shule Januari. Kwa chekechea, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka lazima ufike Bunge la Kaunti kufikia Septemba mosi, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaouhusu. Taarifa ya mwelekeo wa bajeti hufuata kufikia Februari 28, makadirio Aprili 30, na kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Zabuni, kandarasi na ujenzi ndipo vianze. Chumba kilichoingizwa kwenye mpango wa Septemba hii kikienda mbio kitapokea watoto Januari ya mwaka wa pili kuanzia sasa, miezi 16 baadaye. Kikikwama kwenye zabuni kinasogea hadi Januari ya tatu. Kwa hiyo ombi la chumba cha PP1 hupelekwa kwa ajili ya watoto ambao leo wana miaka miwili na nusu. Diwani akiombwa chumba mwezi wa Februari kwa sababu darasa limejaa, hata akikubali siku hiyohiyo, watoto wale watakuwa wameshatoka chekechea.

Kwenye vikao vya maoni ya bajeti wananchi husimama kusema "watoto wetu wanateseka", na karani huandika "elimu". Ombi lenye uzito lina kijiji, gredi, hesabu ya vichwa ya miaka mitatu, uwiano, matarajio ya mwaka ujao, vyumba vilivyopo na vinavyofaa, na hati ya kiwanja. Ukurasa mmoja unatosha, nakala moja kwa diwani, moja kwa kamati ya NG-CDF, moja kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, moja kwa TSC.

Mji wa Amu wenyewe una shida yake. Mji mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, hauna kiwanja cha kuongeza darasa, na kujenga kwenda juu ndani yake kuna masharti ya uhifadhi. Familia changa zimesogea nyuma, Wiyoni na Kashmir, huku shule kongwe zikibaki zilipo. Hapa kutembea ni rahisi, hivyo mji mzima ni eneo moja la kupangia, na suluhisho la maana ni kununua ardhi pembezoni kabla haijajaa nyumba.

Wadi ya Basuba ni kinyume. Shule za vijiji vya Waboni, Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama. Katika orodha vyumba vyake vinahesabika kuwa nafasi. Watoto waliokaa miaka minne bila shule hurudi wakiwa na miaka kumi na kuandikwa Gredi 1, na uwiano wa kuvuka hauwezi kuwatabiri. Hao huhesabiwa nyumba kwa nyumba, na chifu na wazee wa kijiji ndio wanaojua.

Malindi ukipanga kwa njia za Lamu utakosea. Kaunti ndogo ya Malindi ilikuwa na watu 333,226 mwaka 2019, tuktuk inafika kila pahali, na mzazi ana chaguo. Shule moja yenye sifa hujaa hadi barazani, jirani yake kilomita moja ina madawati matupu. Huko tatizo si maji, ni sifa, na kuongeza vyumba kwenye shule iliyojaa kunaiua ile tupu. Jambo la pili ni shule za binafsi. Watalii wakipungua, wafanyakazi wa hoteli hushindwa karo, na watoto humiminika shule za serikali katikati ya mwaka. Nafasi za binafsi zihesabiwe, lakini zihesabiwe kama nafasi za kukopeshwa.

Kwa sekondari pevu, Gredi 10 hadi 12, mambo yamegeuka. Madarasa manne yamekuwa matatu, kwa hiyo tangu 2025 shule ya mkondo mmoja ina chumba kimoja cha ziada, ambacho mara nyingi kitamezwa na maabara na karakana za michepuo mipya ya masomo. Lakini kwa mtoto wa Ndau au Kiunga nafasi ya Gredi 10 ni kitanda. Mwongozo wa usalama unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na ujia wa mita 2. Bweni la mita 21, vitanda vya sentimita 90 vikipangwa kwenye kuta mbili, linachukua vitanda kumi kila upande. Vikiwa vya ghorofa ni watoto 40. Safu mbili zikiongezwa katikati mwa chumba, fomu itaandika 80, na mfumo utawapangia 80. Tangu moto wa bweni uliowaua wanafunzi 21 Kaunti ya Nyeri Septemba 2024, wakaguzi huja na futi ya kupimia. Wakizitoa safu za katikati mwezi wa Mei, arobaini waliobaki watatafutiwa kitanda Mokowe, Mpeketoni au nje ya kaunti, muhula umeshaanza na kusi limeshaingia.